Upande wa Ndani

Shangazi Adosinda alikuwa mkaguzi wa vitambaa
miaka thelathini na minne, kiwanda cha sufu, Covilhã.
"Jora lililokunjwa dukani usiliulize kitu," alizoea kusema.
"Ligeuze. Upande wa nje umefundishwa kutabasamu."

Sasa amesahau jiko likiwaka mara mbili,
na mimi, Valdemar, mtoto wa kaka yake,
natembea na daftari lenye maswali kumi na sita.

Nyumba ya kwanza ilinukia limau.
Limau kwenye mapazia, limau ngazini,
limau hata kwenye nywele za mkurugenzi.
Nikajiuliza limau lile limetumwa kuficha nini.
Wakanionyesha piano. Nikaifunua:
vumbi limelala juu ya vitufe,
halina alama ya kidole hata kimoja.

Ya pili ilikuwa na bustani,
na cheti ukutani chenye muhuri wa dhahabu.
Saa kumi alasiri, jua bado liko juu ya mapaa,
wazee kumi na wawili mbele ya televisheni
wameshavishwa nguo za kulalia.
Glasi za maji zimejaa, zimepangwa vizuri,
shubiri moja mbali na mkono wa kila mtu.
Mzee mmoja akabonyeza kengele.
Nikatazama saa yangu. Dakika nne. Tisa. Kumi na saba.
"Huyo hupenda tu kubonyeza," akasema muuguzi.
Nikaenda mwenyewe.
Alitaka kujua leo ni siku gani.

Ya tatu sikuipigia simu.
Nilikwenda Jumapili, saa mbili usiku, kwa mlango wa jikoni,
mvua ya Novemba ikinichuruzika shingoni.
Rangi ya ukuta imebambuka kama ganda la kitunguu.
Palinukia kabichi, na mkojo kidogo, nisiseme uongo,
na mkate.
Mwanamke mwenye unga mpaka viwikoni
hakuniuliza mimi nani. Aliniuliza kama nimekula.
Kengele ikalia, akaacha sufuria ikitokota:
"Nakuja, Bwana Fulgêncio, usilivute hilo shuka!"
Alimjua kwa namna anavyobonyeza.

Nikapita ukumbini nikichungulia.
Kucha zimekatwa.
Kila mlango una jina, na chini ya jina, kazi:
Mfinyanzi. Dereva wa treni. Mama wa watoto tisa.
Mwizi wa kuku, ameacha.

Lakini usiku ule walikuwa wahudumu wawili
kwa vitanda ishirini na vitatu.
Niliandika kwa wino mwekundu.
Hesabu hiyo nililala nayo, ikanigeuza ubavu huu na ubavu huu.

Alhamisi nikampeleka mwenyewe.
Hakutazama dirisha wala mlima uliokuwa dirishani.
Aliketi kitandani, akalikunjua blanketi,
akaligeuza, akapitisha kidole cha kati,
kidole kile kile ambacho mameneja walikiogopa.

Kidole kikasimama.

"Hapa," akasema. "Uzi ulikatika. Mtu ameuunga kwa mkono."
Mwanamke wa jikoni akaona haya.
"Ni mimi, mama. Uzi wa rangi hiyo sikuupata."
Shangazi akanyamaza,
kimya kile ambacho zamani kilimgharimu mtu mshahara.
"Mshono mbaya," akasema mwishowe.
Akaupapasa tena.
"Ila umeshonwa."

Kisha akanigeukia mimi,
akapitia kola yangu, macho yangu,
daftari lililotokeza mfukoni,
taratibu, kama mtu aliye na jora mezani
na mwanga wa kutosha.

"Na wewe," akauliza, "utakuja siku gani?"

Katika maswali yangu kumi na sita
hilo halikuwemo.